Maswali ya Wasomaji: Mtihani Mmoja, Watoto Wasiolingana

Tangu matokeo ya kwanza ya tathmini ya Gredi ya 9, yaani KJSEA, yatangazwe mwishoni mwa mwaka 2025 na watoto kuanza kupangiwa shule za sekondari ya juu, barua nyingi zinazofika katika ukurasa huu zimekuwa zikihusu mitihani. Tumechagua tano. Tumezifupisha, na majina ya waandishi pamoja na ya shule wanazozilalamikia tumeyaacha nje.

Binti yangu alisoma shule ya umma hapa Nyalenda, katika darasa lenye watoto zaidi ya sabini, na kwa muhula mzima hawakuwa na mwalimu wa sayansi. Mtoto wa jirani yangu alisoma shule ya kibinafsi yenye maabara na kompyuta. Wote wawili walifanya mtihani uleule siku ileile, na sasa wa jirani ameitwa shule ya bweni yenye jina, wangu amepangiwa shule ya kutwa. Mtihani wa namna hii una haki gani? — Mama wa watoto watatu, Kisumu

Mama, ndani ya swali lako mna maswali mawili, na ni vyema tuyatenganishe. La kwanza ni kama mtihani ulimpima binti yako sawasawa. La pili ni kama kile kilichopimwa kilifaa kutumiwa kumgawia nafasi ya shule.

Kuhusu la kwanza, mtihani wa kitaifa una aina moja ya haki ambayo hatupaswi kuidharau. Maswali ni yaleyale kwa kila mtahiniwa, muda ni uleule, na anayesahihisha hajui kama karatasi iliyo mbele yake ni ya mtoto wa mbunge au ya mtoto wa mama anayeuza omena. Pasipo utaratibu huo, nafasi katika shule kubwa zingegawiwa kwa kujuana, na katika mashindano ya kujuana mtoto wa Nyalenda angeshindwa kabla ya kuanza. Hata hivyo, usawa wa siku ya mtihani haufuti miaka iliyoitangulia. Karatasi ya sayansi haimuulizi mtahiniwa kama alikuwa na mwalimu, humuuliza anachokijua. Kwa hiyo inapima vizuri kile kilichomfikia mtoto darasani, na inapima vibaya uwezo alio nao wa kujifunza baadaye akipewa nafasi. Kosa letu ni kuisoma alama ya kile kilichomfikia kana kwamba ni alama ya uwezo wake.

Utaratibu wa sasa uliundwa kwa nia ya kupunguza uzito wa siku moja. Zamani za KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane uliofanywa tangu mwaka 1985 hadi 2023, alama za mtihani huo peke yake ziliamua kila kitu. Sasa KJSEA inachangia asilimia 60 ya matokeo ya kumpangia mwanafunzi shule, tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20 nyingine. Mtoto aliyeamka na malaria asubuhi ya mtihani amepata ahueni ya kweli hapo. Lakini tazama hali ya binti yako: sehemu zote tatu zimetoka katika shule za mtaa uleule. Upungufu wa mwalimu umehesabiwa katika tathmini za shuleni, kisha ukahesabiwa tena katika mtihani wa mwisho. Kuugawa mzigo kunamsaidia aliyepata bahati mbaya ya siku moja, wala hakumsaidii aliyepata shule duni kwa miaka mitatu, na sijaona jambo hili likielezwa kwa uwazi na wanaousifu utaratibu huu mpya.

Zipo pia njia ambazo mtihani wenyewe unaweza kuelemea upande mmoja. Utafiti uliofanywa katika shule za msingi za Busia na Teso katika miaka ya 1990, ambao mmoja wa waandishi wake, Michael Kremer, alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019, ulipeleka vitabu vya kiada katika baadhi ya shule na kuzilinganisha na shule ambazo hazikupata. Wengi tungedhani kwamba alama zingepanda kwa jumla. Hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo, na watafiti wakaeleza kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, na kwa mtaala uliolenga watoto waliojiweza. Kama kitabu kiko juu ya kimo cha mtoto, mtihani unaotungwa kutokana na kitabu hicho utakuwa juu zaidi.

Jambo hilo linaweza kurekebishwa, na nchi hii ilikwisha kujaribu. Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa CPE, mtihani uliotangulia KCPE, mtaalamu aitwaye Anthony Somerset alifanya kazi na watunzi wa mitihani wetu kubadilisha aina ya maswali. Yale yaliyodai kukumbuka maneno ya kitabu yakapunguzwa, yakaongezwa yanayomtaka mtoto atumie akili juu ya mambo ambayo hata wa kijijini anayajua. Zaidi ya hayo, shule zilitumiwa jarida la kueleza watahiniwa walikosea wapi na kwa nini, ili walimu wajue pa kurekebisha. Mtihani ukawa unarudisha kitu darasani. Leo mwalimu wa binti yako anapokea herufi na nambari tu.

Sasa swali la pili, la kugawiwa nafasi. Huenda habari hii ikakupa nguvu. Watafiti Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichunguza wanafunzi walioingia kwa shida katika shule bora za serikali kwa alama za KCPE, wakawalinganisha na wenzao waliozikosa kwa alama chache sana. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalikuwa kwamba katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Shule hizo zinaonekana kufaulisha sana kwa sababu zinapokea waliokwisha kufaulu. Utafiti huo ulihusu mfumo wa zamani wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) na ulipima alama peke yake, si marafiki wala majina makubwa ambayo mtu huyapata katika shule hizo, kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba shule zote ni sawa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba barua ya kuitwa shule ya kutwa haijaamua hatima ya binti yako. Nenda katika shule hiyo, uulize wana walimu wangapi wa masomo ya mkondo aliouchagua, na kama ni mkondo wa sayansi na teknolojia, uombe kuiona maabara kwa macho yako.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Kaunti ya Busia. Bodi yetu inataka walimu tupewe zawadi kulingana na matokeo ya wanafunzi, na wale ambao somo lao litashuka waandike barua ya kujieleza. Mwenyekiti anasema kwamba hakuna kazi bila kipimo. Tumjibu nini? — Mwalimu, Butula

Mwalimu, bodi yenu haihitaji kusafiri mbali, kwa maana jambo hilohilo lilijaribiwa katika eneo lenu na matokeo yake yameandikwa.

Mwaka 1998 na 1999, katika wilaya za Busia na Teso, zilichaguliwa shule 100. Nusu yake, kwa bahati nasibu, ziliingizwa katika mpango wa kuwapa walimu zawadi kutokana na matokeo ya mitihani ya wilaya. Zawadi zenyewe hazikuwa ndogo: thamani yake ilikuwa kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi. Ili shule zisiwafiche wanafunzi dhaifu, mtoto asiyetokea siku ya mtihani alihesabiwa alama ya chini. Alama za mitihani iliyohusishwa na zawadi zikapanda. Kama wachunguzi wangeishia hapo, leo tungekuwa tunausifu mpango huo katika kila semina.

Hawakuishia hapo. Walienda madarasani kuona kilichobadilika, wakakuta kwamba walimu hawakuhudhuria zaidi kuliko wale wa shule nyingine, hawakutoa kazi zaidi ya kufanyia nyumbani, wala hawakubadilisha namna ya kufundisha. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kuwaandaa watoto kwa mtihani. Watoto walipopewa mtihani mwingine usiohusiana na zawadi, hawakuwa bora kuliko wenzao, na mpango ulipokwisha hata ile faida ya awali ikayeyuka. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba walichofundishwa watoto ni namna ya kufanya mtihani ule.

Ni lazima nikupe pia upande wa pili, la sivyo mwenyekiti wako atakushinda kwa kuutaja. Mwaka 2001 na 2002, katika eneo hilohilo, ulikuwapo mpango mwingine ambapo zawadi ilielekezwa kwa wanafunzi: wasichana wa darasa la sita waliofika katika asilimia 15 ya juu walipata ufadhili wa miaka miwili, kwa ajili ya karo na mahitaji ya shule. Hasa upande wa Busia, alama zilipanda, mahudhurio ya walimu yakaongezeka, na la kushangaza ni kwamba hata wasichana ambao hawakuwa na matumaini makubwa ya kuupata ufadhili walifaidika. Kwa hiyo si kweli kwamba kuwekea mtihani zawadi huharibu kila mara. Katika mpango huu wa pili aliyetakiwa kufanya bidii ni mwanafunzi mwenyewe, na wazazi walikuwa na sababu ya kumuuliza mwalimu mbona hayupo darasani. Katika ule wa kwanza mwalimu aliachiwa kutafuta njia fupi ya kupandisha nambari, akaipata, na mimi simlaumu, kwa kuwa ndicho alichoombwa.

Kuhusu maneno ya mwenyekiti kwamba hakuna kazi bila kipimo, mwanasaikolojia wa Marekani Donald Campbell aliandika katika miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo cha nambari kinavyotegemewa katika maamuzi makubwa, ndivyo kinavyovutia udanganyifu na ndivyo kinavyoharibu kazi yenyewe iliyokusudiwa kupimwa. Nchi yake iliyaona hayo katika mji wa Atlanta. Uchunguzi wa serikali ya jimbo uliotolewa mwaka 2011 uliwataja walimu na wakuu wa shule 178, katika shule 44, kuhusiana na udanganyifu katika mitihani ya mwaka 2009. Baadhi yao walikuwa wakifuta majibu ya watoto na kuandika yaliyo sahihi. Mwaka 2015 watu 11 walipatikana na hatia mahakamani. Baadhi yao walikuwa walimu wa kawaida waliokuwa chini ya shinikizo la kuonyesha kwamba alama zimepanda.

Pendekezeni kwa bodi jambo jingine. Barua ya kujieleza iondolewe kabisa, kwa sababu mwalimu aliyekabidhiwa darasa la watoto wasiojua kusoma hawezi kujieleza kwa nambari moja. Kama kuna fedha za zawadi, zitumike kwa mahitaji ya wanafunzi au kwa jambo linaloonekana bila mtihani, kama vile kuhudhuria na kusahihisha madaftari. Na kama bodi inashikilia alama, basi ipime maendeleo ya mtoto kutoka pale mwalimu alipompokea, badala ya wastani wa mwisho unaomtukuza aliyepokea darasa zuri.

Mwanangu yuko Gredi ya 8 katika shule moja karibu na Njoro. Tumeitwa na kuambiwa arudie darasa kwa kuwa atashusha wastani wa shule katika KJSEA. Tusipokubali, tumeambiwa tutafute shule nyingine. Je, wana ruhusa? — Baba mzazi, Nakuru

Hawana. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza mwanafunzi kuzuiwa asiendelee na darasa linalofuata, na kumfukuza kunahitaji utaratibu maalumu usiohusiana hata kidogo na wastani wa shule. Waandikieni kwa adabu mkikitaja kifungu hicho, na nakala mpeleke kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Ombeni jibu la maandishi pia. Mara nyingi agizo la namna hii hutolewa kwa mdomo kwa sababu anayelitoa anajua kwamba hawezi kulitia sahihi.

Nitaongeza neno moja. Mwaka 2014 Wizara ya Elimu, chini ya Waziri Profesa Jacob Kaimenyi, ilipiga marufuku kuorodhesha shule na watahiniwa kwa nafasi, na sababu mojawapo ilikuwa mienendo kama hii. Orodha rasmi ikaondoka magazetini, lakini hamu ya kuwa nayo haikuondoka: mabango ya wastani yangali yanatundikwa kwenye malango ya shule kila matokeo yanapotoka, na wazazi tunayasoma kabla ya kuamua pa kupeleka karo. Shule iliyowaita imefanya kosa la kisheria. Bango inalolitafuta, hata hivyo, ni sisi tunaolinunua.

Niko Kidato cha Tatu, na mwaka 2027 tutakuwa watahiniwa wa mwisho wa KCSE ya mfumo wa 8-4-4. Kaka yangu alifanya mtihani mwaka 2016, gredi za A zilipopungua ghafla, na hadi leo husema kwamba aliibiwa na mwaka. Wengine wanasema gredi za sasa ni rahisi kwa kuwa kanuni ilibadilishwa. Je, C+ ya mwaka mmoja ni sawa na ya mwaka mwingine? — Mwanafunzi, Kakamega

Umeuliza swali ambalo watu wazima wengi hulikwepa. Jibu fupi ni kwamba haiko sawa kabisa, ingawa vyuo na waajiri huichukulia kuwa sawa.

Anza na mwaka wa kaka yako. Katika KCSE ya 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A, na matokeo ya watahiniwa 5,101 yakafutwa kwa udanganyifu. Mwaka uliofuata, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu, karatasi zilihifadhiwa katika makontena yenye ulinzi, wakuu wa shule wakafanywa wasimamizi wa vituo vyao, na ziara za wazazi na siku za maombi katika muhula wa tatu zikasitishwa. Waliopata A walikuwa 141. Ni wazi kwamba sehemu ya tofauti hiyo ilikuwa wizi uliozibwa, lakini pia ulikuwapo mjadala mkali kuhusu namna alama zilivyosawazishwa mwaka huo, na haifai kumwita kila aliyepata A mwaka 2015 mwizi. Kaka yako ana hoja pale anaposema kwamba aliposhindania nafasi za chuo au kazi pamoja na waliomtangulia, hakuna aliyeandika pembeni mwa cheti chake kwamba mwaka wake ulikuwa mgumu. Hata hivyo, kwa nafasi zilizogawiwa miongoni mwa watahiniwa wa mwaka ule, hakupoteza chochote, kwa kuwa wote walipita mlango mmoja.

Sasa kanuni. Gredi ya jumla hutokana na masomo saba, kila moja likiwa na pointi 12 kwa A hadi pointi 1 kwa E, kwa hiyo jumla ya juu ni 84. Zamani ilikuwa lazima kuhesabu Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi mbili, somo moja la kijamii na jingine moja. Kuanzia KCSE ya 2023 huhesabiwa Hisabati, lugha moja ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano aliyoyafaulu zaidi. Waliopata C+ na zaidi, yaani kiwango cha kujiunga na chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa zaidi ya 201,000 mwaka huo, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa takriban 173,000. Siwezi kudai kwamba ongezeko lote lilitokana na kanuni, lakini chukua mwanafunzi mmoja mwenye masomo manane, sayansi zake zikiwa mbili tu, aliyepata D+ katika Kemia na B katika Historia na Jiografia, umhesabie kwa kanuni zote mbili, utaona jinsi mtu yuleyule mwenye karatasi zilezile anavyoweza kubadilika gredi bila kujifunza neno moja zaidi.

Kwa maoni yangu kanuni mpya ina haki zaidi, hasa kwa shule za kaunti ndogo. Karatasi ya tatu ya Fizikia, Kemia na Biolojia ni ya vitendo, na kuna watahiniwa ambao hukutana na vifaa vyake kwa mara ya kwanza wiki chache kabla ya mtihani. Kuwalazimisha wabebe sayansi mbili katika gredi yao ya jumla kulikuwa kuwahukumu kwa maabara wasiyoijengewa. Usiifanye kanuni hiyo kisingizio cha kuitupa Kemia, lakini, kwani kozi nyingi unazoziona kuwa nzuri bado huangalia gredi za masomo yake mahususi kabla ya gredi ya jumla.

Mitihani inatia watoto hofu, inaleta wizi na inawapendelea wenye fedha. Kwa nini isifutwe yote, walimu wanaowajua watoto wakaachiwa kuwatathmini? — Msomaji, Lanet, Nakuru

Kwa sababu shida ya haki haitaondoka. Itahamia mahali pasipoonekana.

Uingereza ililazimika kulijaribu pendekezo lako mwaka 2020, mitihani ya kumaliza sekondari ilipofutwa kwa sababu ya korona. Walimu walitoa makadirio yao. Mamlaka ya mitihani ikahofia kwamba yamezidi, ikayapitisha katika programu ya kompyuta iliyozingatia matokeo ya zamani ya kila shule, na kwa njia hiyo karibu asilimia 40 ya makadirio yakashushwa. Mwanafunzi hodari katika shule iliyokuwa na historia ya kufanya vibaya alibebeshwa historia hiyo. Vijana waliandamana, na tarehe 17 Agosti serikali ikarudi kwenye makadirio ya walimu. Matokeo yake, gredi za juu kabisa, ambazo mwaka 2019 zilikuwa takriban robo ya zote, zikawa zaidi ya theluthi moja. Kompyuta iliwaonea wanafunzi wa shule dhaifu, na walimu waliwahurumia wanafunzi wao kama ambavyo mwalimu yeyote mwema angefanya. Chuo kinachopokea vijana kutoka shule mbalimbali hakiwezi kujua ni huruma ya mwalimu gani iliyozidi.

Hapa kwetu, ile asilimia 20 ya tathmini za shuleni tayari inatuonjesha hali hiyo. Mwalimu anamjua mtoto, ni kweli, lakini anamjua pia mzazi wake, na anajua kwamba mwalimu wa shule ya jirani hatakuwa mkali. Shule yenye printa na umeme hutayarisha kazi za mradi zinazopendeza. Katika maeneo ya Budalang'i, ambako mafuriko ya mto Nzoia huwahamisha watu, nina shaka kama mradi wa mtoto aliyelala kambini unapimwa kwa jicho lilelile. Sipendekezi tathmini hizo ziondolewe, maana zinamwezesha mwalimu kupima mambo ambayo karatasi haiwezi kuyapima, kama vile kuzungumza na kutengeneza vitu kwa mikono. Ninachokataa ni kudhani kwamba ni za haki kwa sababu tu ni za upole.

Tena kuna mtihani ambao hauna hofu, hauna wizi wala haumpendelei mtu, na tunauzungumzia mara chache sana. Karibu mwaka 2010, mradi wa Uwezo ulianza kuwapima watoto nyumbani kwao nchini Kenya, Tanzania na Uganda kwa maswali ya kusoma na kuhesabu ya kiwango cha darasa la pili. Hakuna anayepangiwa shule kwa matokeo hayo, hakuna mwalimu anayeandika barua ya kujieleza, na kwa hiyo hakuna sababu ya mtu yeyote kuiba swali. Ni huo, si KCPE, uliotuonyesha kwamba katika darasa la tatu ni watoto takriban watatu kati ya kumi waliokuwa wanaweza kazi ya darasa la pili. KCPE ilikuwa ikitangaza wastani kila mwaka huku tatizo hilo likipita katikati yake bila kuguswa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupanga watoto kwa foleni, na foleni hupangika hata kama wote waliomo hawajui kusoma.

Kwa hiyo, msomaji wetu, kama ningepewa kalamu ya Wizara nisingefuta mtihani wa mwisho. Ningeuachia kazi moja tu, ya kugawa nafasi ambazo hazitoshi, tena kwa kuzingatia shule aliyotoka mtoto, kama serikali ilivyokuwa ikifanya ilipotenga nafasi katika shule za kitaifa kwa kila eneo. Kazi ya kuwapima walimu ningeiondoa katika mtihani huo, na ya kuzilinganisha shule vilevile. Kwa kujua kama watoto wanajifunza, ningetumia vipimo vidogo kama vya Uwezo, vinavyochukua sampuli ya watoto wachache kila kaunti, na matokeo yake ningeyarudisha kwa walimu katika jarida linaloeleza makosa, kama lilivyotoka zamani wakati wa CPE. Watunzi tunao, na wasahihishaji wenye uzoefu wa miaka mingi tunao. Gharama ya jarida la aina hiyo, likitumwa kwa simu za walimu, haiwezi kufikia ile ya kulinda kontena moja la karatasi kwa majuma kadhaa.